Picha Ina Wenyewe

Karibu kurasa zote za toleo hili tumempa mtu mmoja ambaye hajawahi kulipwa kwa kupiga picha. Ni muuguzi. Siku za zamu yuko wodini, Dar es Salaam. Akiwa na mapumziko huzunguka Ilala na Kariakoo na kamera yake, na likizo ikifika hupanda basi la Lushoto kwenda kwao Mlalo. Jina lake mtalikuta kwenye picha zake. Hapa nataka kueleza kwa nini tumemchagua yeye ilhali wapigapicha wa kazi wapo, tena wazuri, na kwa nini tulikataa kuchapa hata picha moja mpaka awe amerudi kwa watu aliowapiga na kuwauliza majina yao, wanafanya nini pale, na kama wanakubali kuonekana.

Mpigapicha wa kazi hupiga alichoagizwa. Wa harusi ana bibi harusi, wa gazeti ana waziri, wa kampuni ana bidhaa. Simlaumu, ndiyo riziki yake. Lakini hesabuni wenyewe mambo ambayo hakuna anayeyaagiza. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, zile za vyumba sita zenye korido katikati, uani nyuma na baraza mbele, zimekuwa zikivunjwa moja moja kupisha maghorofa. Siku nyumba inavunjwa hakuna mgeni rasmi anayekuja kukata utepe, kwa hiyo hakuna kamera ya gazeti. Leo ukitaka kuona baraza la Mtaa wa Swahili au wa Sikukuu lilivyokuwa, nenda kwa waliokaa humo wakufungulie albamu. Nyuma ya mtoto aliyevalishwa nguo mpya za Idi utaona nguzo, kizingiti, na jirani anayechungulia.

Zanzibar nako ni hivyo hivyo. Beit al-Ajaib, jengo alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Kila aliyewahi kuwasimamisha wanawe Forodhani jioni, wakalipa mgongo lile jengo ili wapigwe picha ya ukumbusho, ana ushahidi ambao hakujua anauweka. Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Picha rasmi za jengo lile zipo. Za meza ya muuza bamia na jirani yake wa nazi, wakiwa wamekaa kama walivyokaa miaka yote, labda ziko kwenye simu ya mteja wao.

Kwa hiyo sababu ya kwanza ya kumpenda mpigapicha wa ridhaa ni hiyo: hana bosi wa kumwambia kipi kina thamani. Sababu ya pili ndiyo iliyonifanya niandike kwa kirefu, nayo inahusu namna shamba na mji vinavyopigwa.

Kijiji chetu kimezoeleka kwa picha za namna mbili. Moja ni ya ripoti ya mradi: mtoto peku, ndoo ya njano, macho yanayoomba. Nyingine ni ya kalenda: mbuyu, jua linazama, hakuna mtu. Mji nao unapigwa kutoka angani kwa droni ili maghorofa na madaraja yang'ae usiku. Namna zote hizi hufanya shamba na mji vionekane kama nchi mbili zisizojuana, wakati kila anayesoma ukurasa huu ana ndugu huku na huku, na debe la mahindi au gunia la viazi limewahi kumfikia mjini likitokea kwao.

Tazameni picha mbili zinazotazamana katikati ya toleo. Ya kushoto imepigwa Mlalo asubuhi, ukungu bado uko bondeni. Kijana ameweka mguu kwenye ubavu wa tenga la nyanya, anavuta kamba kwa mikono miwili, ncha nyingine ameing'ata kwa meno. Majani ya mgomba yamejitokeza kwenye nafasi za fito. Yamewekwa ndani ili nyanya zisichubuke njiani. Juu ya tenga kimefungwa kipande cha boksi chenye herufi mbili zilizoandikwa kwa makaa, alama ya mwenye mzigo. Ya kulia ni soko la Ilala, kabla hakujapambazuka vizuri. Taa ya lori inamulika mgongo wa mpagazi, matenga yamepangwa chini, na kwenye mojawapo ipo ile ile alama ya makaa, imelowa kidogo lakini inasomeka. Haikutokea kwa bahati. Mpigapicha alimwuliza mwenye mzigo lori linaondoka saa ngapi na litashusha wapi, kisha akapanda basi kulitangulia. Katikati ya picha hizo mbili kuna mteremko wa Soni, Mombo, na barabara kuu usiku kucha. Yeye anaijua safari hiyo kwa sababu wajomba zake wameishi kwa kazi hiyo. Mgeni mwenye lenzi ya bei mbaya angeweza kupiga picha nzuri zaidi ya tenga. Asingejua kwamba tenga lina safari.

Safari hiyo haionekani mpaka isemwe, na ndiyo maana tukamsumbua mpigapicha kuhusu maelezo ya kila picha.

Picha za zamani za nchi hizi zimejaa watu wasio na majina. Chuo Kikuu cha Northwestern, huko Evanston, Marekani, kinahifadhi mkusanyo wa Winterton, zaidi ya picha 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya mwaka 1860 na 1960, na mwenye intaneti anaweza kuzitazama. Ni hazina, na nawashukuru waliozitunza. Lakini katika picha za enzi ile, hizo na nyingine zilizotawanyika Ulaya, utakuta mara nyingi Mzungu aliyekaa kwenye kiti ana jina na cheo, na waliosimama nyuma yake wanaitwa wapagazi, au wenyeji, au wametajwa kwa kabila tu. Mwanamke anayetwanga ni "mwanamke anayetwanga". Alikuwa na jina, na mtaa mzima ulilijua. Aliyeshika kamera hakuuliza, au aliona halimhusu, na sasa hakuna wa kumwuliza. Mjukuu wake anaweza kupita mbele ya picha ile asijue kwamba anamtazama bibi yake.

Wazazi wetu hawakufanya hivyo na picha zao. Picha ya studio ilipokuja nyumbani iligeuzwa, na nyuma yake, chini ya mhuri wa studio, ikaandikwa kwa kalamu: ukumbusho wa fulani, Idi ya mwaka fulani, kwa mpenzi dada yangu fulani. Aliyepelekewa Tanga au Mombasa alijua ni nani, lini na kwa nini. Mwandiko ule ndio unaotuwezesha leo kuzisoma albamu za wafu wetu. Simu haina upande wa nyuma wa kuandikwa, na tumeiacha kazi hiyo ianguke bila kuiokota. Tuna picha nyingi kuliko kizazi chochote kilichopita, na nyingi hazina hata neno moja.

Kuna anayesema picha nzuri inajieleza yenyewe, na maneno yanaiharibu. Nimeisikia hoja hiyo kwa watu ninaowaheshimu, na siikubali. Mwaka 2007 huko Chicago masanduku ya yaya mmoja, Vivian Maier, yaliuzwa mnadani kwa sababu ada ya chumba alichoyahifadhia ilikuwa haijalipwa. Ndani mlikuwa na picha za mitaani alizopiga maisha yake yote bila kumwonyesha karibu mtu yeyote, negativu zaidi ya 100,000 zilipokuja kuhesabiwa zote. Alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijalijua jina lake. Sasa anatajwa miongoni mwa wapigapicha wakubwa wa karne yake. Uzuri wa picha zile hauna ubishi. Lakini watu walioko ndani yake, wapita njia, watoto, wazee wa kwenye mabenchi, kwa sehemu kubwa hawajulikani na hawatajulikana. Chicago ni mji wa magazeti, sensa na rejista. Mji kama huo unaweza kubeba hasara hiyo. Sisi ambao maisha ya bibi zetu hayakuandikwa popote hatuwezi.

Niseme na jambo la ufundi, maana hasara nyingine ni ya kujitakia. Simu na kamera za kisasa huandika ndani ya faili tarehe na saa ya kupiga, na simu ikiruhusiwa huandika na mahali. Ukiituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida inapunguzwa ukubwa na taarifa hizo zinaondolewa. Kinachomfikia mwenzako ni sura tu. Itume kama faili, au hamisha ile ya asili. Kamera iliyoishiwa betri muda mrefu hurudisha kalenda yake nyuma, kwa hiyo kagua tarehe kabla ya safari. Na jina la mtu hakuna mashine inayolijua. Hilo ni la kuuliza kwa mdomo na kuandika siku ile ile, kwenye daftari kama kwenye simu hapaandikiki.

Kuuliza jina kuna faida nyingine: kunampa anayepigwa nafasi ya kukataa. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2019, na Tanzania tangu mwaka 2022, na sura ya mtu ni sehemu ya taarifa zake. Lakini hata kabla ya sheria, adabu ya kwetu ilikuwa inatosha. Huingii uani kwa mtu bila hodi. Mama wawili wa soko la Ilala walisema hapana, wakaeleza na sababu: hawataki wakwe zao waone wanauza nyanya chini. Picha yao ilikuwa bora kuliko nyingi mtakazoziona humu. Imeondolewa, na nafasi yake hatukuijaza na nyingine.

Wengi walikubali, tena kwa furaha, na wengine walitutajirisha. Tuliwapelekea kila mmoja nakala iliyochapwa pamoja na maelezo tuliyokusudia kuyaweka. Mzee mmoja wa Mlalo, aliyepigwa amekaa chini ya nyumba ya ghorofa ya udongo yenye roshani ya mbao zilizochongwa, alisomewa maelezo na mjukuu wake. Yalikuwa na jina lake, kitongoji na mwezi. Akasema yameacha jambo: roshani ile aliichonga mwenyewe alipokuwa kijana, pamoja na nduguye, kwa mbao walizopasua kwa msumeno wa watu wawili. Hakuna kitu ndani ya picha kinachosema hivyo. Tumeyachapa maneno yake kama alivyoyasema.

Toleo lijalo tunafungua kurasa kwa wasomaji wengine wenye kamera au simu, wa mjini na wa shamba. Tunahitaji hasa nyumba za tembe za Ugogo ambazo bado zinakaliwa, vilinge vya mafundi cherehani, vituo vya daladala na maduka ya rejareja ya vijijini, pamoja na watu waliomo. Tumeni faili za asili. Kwa kila picha andikeni mahali kwa jina wanaloliita wenyeji, tarehe, majina ya waliomo kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia, na kama wameridhia. Picha itakayokuja bila maelezo hayo tutaomba yaletwe, na yasipoletwa hatutaichapa, hata iwe nzuri kiasi gani.