Miguu Ilitangulia Kichwa

Wako wasemao hata leo ya kuwa binadamu alipata kwanza ubongo mkubwa, ndipo akasimama. Twawakatalia. Kiburi hicho kiliwapofusha wataalamu wengi wa Uingereza: fuvu la Piltdown, lililotangazwa mwaka 1912, walilisifu hata mwaka 1953 ilipojulikana kuwa ni hila tupu, taya ya orangutani na fuvu la mtu! Bali mtoto wa Taung, Afrika Kusini, aliyeelezwa na Raymond Dart mwaka 1925, walimwita nyani tu, ijapokuwa tundu lipitalo uti wa mgongo li chini ya fuvu lake, kama letu.

Tumtazame Lucy, aliyeonekana Hadar, Uhabeshi, mwaka 1974, mwenye umri wa miaka milioni 3.2. Mfupa wa paja lake waelekea ndani hata gotini, ili mguu ukanyage chini ya kiwiliwili. Nyonga yake ni fupi na pana. Lakini ubongo wa jamii yake haukuupita sana ule wa sokwe.

Tena ziko nyayo za Laetoli, hapa Tanzania, zilizovumbuliwa mwaka 1978 katika majivu ya mlima wa moto ya miaka ipatayo milioni 3.6. Kisigino kimezama, kidole gumba kimefuatana na wenzake, wala hapana alama ya mikono. Asemaye kichwa kilitangulia na atuonyeshe ni kichwa gani kikubwa kilichopita hapo.