Waya haukuwa adui wa bodaboda

Kuna msemo unaozunguka katika steji za bodaboda za Eastlands, Nairobi, kuanzia Mutindwa hadi Kayole, na wachuuzi wa vifaa vya simu wameugeuza wimbo wa biashara: toa waya, umetoa hatari. Mwendeshaji anayening'iniza waya wa visikizi kutoka sikioni hadi mfukoni huambiwa atajiua. Mwenzake aliyeziba masikio yote mawili kwa vile visikizi vidogo visivyo na waya husifiwa kuwa mtu wa kisasa, mwangalifu, anayejali abiria wake. Na yule mwenye intakomu halisi iliyobanwa ubavuni mwa helmeti, anayezungumza na mteja wa Donholm huku akikata kona ya Umoja, hutazamwa kana kwamba kifaa chake kimemwondolea kila balaa ya barabara. Nimechoka kuisikia imani hii. Ni ya uongo tangu mzizi wake, na wanaoieneza hawajajiuliza swali moja jepesi: huo waya ulikuwa umefunga nini hata tushangilie kukatwa kwake?

Haukuwa umefunga mikono. Hapo ndipo hoja yao yote inapoporomoka, maana sifa wanayoiimba ni kwamba bila waya mikono inabaki kwenye usukani. Mikono ilikuwa kwenye usukani hata enzi za waya. Intakomu za zamani za pikipiki zilizouzwa Ulaya na Marekani zilikuwa na waya uliotoka katika helmeti ya mbele, ukapita kwenye kisanduku kidogo, kisha ukaingia katika helmeti ya abiria. Zilikuwa na kero zake, na sizifichi: abiria akisahau kuchomoa plagi anaposhuka, waya unamvuta kichwa; maji yakiingia kwenye kiungio, sauti inakwaruza. Lakini hakuna aliyeachilia klachi wala breki ili azungumze. Kazi kuu ya kifaa kile ilikuwa kuunganisha watu wawili waliokaa juu ya kiti kimoja, wanaotazama barabara moja, wanaoliona tuta moja likija. Waya ulikuwa mfupi, ukaishia kwa abiria. Mwaka 2004 kampuni ya Cardo ilitoa kifaa chake cha helmeti kinachotumia Bluetooth, Sena na wengine wakafuata, na waya ukakatwa. Kilichobadilika si mikono. Kilichobadilika ni kwamba simu ya mfukoni ilipata njia rahisi ya kuingia ndani ya helmeti, na nyuma ya simu ikaja dunia nzima: mteja, mkopeshaji, mke, mume, kikundi cha chama, rafiki aliye kitandani huko Komarock ambaye hajui kama anayezungumza naye yuko kwenye mzunguko au yuko chooni. Waya ulikuwa uzio. Tumeubomoa, kisha tukaita ubomoaji huo usalama.

Wengi wa wahudumu wetu hawana intakomu za bei hizo, lakini wamepita njia ileile kwa vifaa vya bei nafuu. Kwanza simu ilichomekwa ndani ya helmeti, ikabanwa kati ya shavu na sponji. Vikaja visikizi vya waya, waya ukitoka sikioni na kupita chini ya koti la kung'aa. Sasa ni vile vidude viwili vinavyozama sikioni na kufunikwa na helmeti visionekane kabisa. Katika kila hatua tumeambiwa kwamba hii ya sasa ndiyo salama. Ukweli ni kwamba katika kila hatua hatari imebaki ileile, isipokuwa kwamba imezidi kufichika. Waya ulionekana. Abiria aliyetaka kupanda aliuona, akaweza kusema, "Kaka, toa hiyo kwanza." Polisi aliyesimama kando ya Jogoo Road aliuona. Mzee wa steji aliuona. Leo abiria anapanda bila habari, kisha katikati ya safari anagundua kwamba mtu aliyemkabidhi uhai wake anacheka na mtu mwingine. Kifaa kinachomnyima abiria nafasi ya kukataa hakiwezi kuitwa hatua mbele.

Kiini cha jambo ni akili. Anayeendesha pikipiki haendeshi kwa vidole tu. Anaendesha kwa kukisia. Anakisia kwamba yule mama mwenye mtoto mgongoni atavuka, kwamba matatu iliyo mbele itasimama ghafla bila taa, kwamba dimbwi lile lina shimo chini yake. Makisio hayo yanafanywa na akili ileile inayotunga jibu la "nimefika wapi" na "pesa nitatuma saa ngapi". Hili si wazo la mwandishi wa gazeti aliyeketi. Mwaka 1997 Donald Redelmeier na Robert Tibshirani walichapisha utafiti wao wa madereva 699 wa Toronto wenye simu za mkononi waliopata ajali. Walilinganisha kumbukumbu za simu zao na saa za ajali, wakakuta kwamba hatari ya kugongana wakati wa simu ilikuwa takriban mara nne, na hawakuona nafuu yoyote kwa wale waliozungumza bila kushika simu. Mwaka 2005 watafiti wa Perth, Australia, walifuatilia madereva waliolazwa au kutibiwa hospitalini baada ya ajali, wakakuta mara nne zilezile, kwa wenye kushika na kwa wasioshika. Kule Utah, David Strayer na wenzake wameonyesha mara kadhaa kwamba mtu anayezungumza kwa simu anaweza kukitazama kitu kwa macho wazi na asikione, kwa kuwa fikira zake haziko pale. Kanada, Australia, Marekani: nchi tatu, jibu moja. Na hao walikuwa ndani ya magari, wana magurudumu manne, mkanda na chuma kinachowazunguka. Mwenye pikipiki ana magurudumu mawili na ngozi yake.

Sasa lete jibu hilo huku kwetu. Katika mitaa ya mijini sheria inaruhusu mwendo wa kilomita 50 kwa saa, na hiyo ni karibu mita 14 kila sekunde. Fikira zikichelewa nusu sekunde tu, pikipiki imeshakula mita saba kabla kidole hakijagusa breki. Mita saba hapo Mutindwa ni mabanda mangapi ya nguo na nyanya? Ni watu wangapi wanaopita huku wakitazama bidhaa na si barabara? Kwenye Outering Road, hata baada ya kupanuliwa na kuwekewa madaraja ya watembea kwa miguu, watu bado wanavuka chini, na barabara za pembeni zinameza na kutapika pikipiki, mikokoteni na matatu kutoka kila upande. Kwenye Jogoo Road matatu zinashindana kwa muziki na honi. Mwendeshaji hujibu kelele hizo kwa kuongeza sauti sikioni. Akishaongeza sauti hasikii honi ya nyuma, wala hasikii abiria anayemgonga begani akimwomba apunguze mwendo. Pikipiki za umeme nazo zinazidi kuwa nyingi mjini, na ni jambo jema kwa mapafu yetu, ila zinakuja kimyakimya. Tutafika mahali ambapo pikipiki moja haisikiki na mwendeshaji wa nyingine hasikii.

Wanaotetea vifaa hivi wana jibu wanalolipenda kuliko yote: "Mimi nimeendesha miaka kumi nikiongea na sijawahi kuanguka." Jibu hili ni aibu kwa mtu mzima. Aliyeanguka vibaya hayuko stejini kutoa ushahidi wake. Yuko hospitali ya Mama Lucy au ya Kenyatta mguu ukiwa umefungwa vyuma, au yuko kijijini kwao chini ya udongo. Ukiwauliza walionusurika tu, kila jambo duniani litaonekana salama, hata kunywa dawa ya panya. Takwimu za NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, zilihesabu vifo 4,324 katika barabara za Kenya mwaka 2023. Idadi hiyo haiwezi kufutwa na kifua cha mtu mmoja anayejisifu steji ya Tena.

Wengine husema kwamba mazungumzo ni mazungumzo, na kama tunakataza simu basi tukataze pia abiria kuongea na mwendeshaji. Hao hawajawatazama watu wakisafiri. Abiria aliye nyuma analiona lori linalorudi kinyumenyume, anakata sentensi katikati, anakaza mkono kwenye kishikio, na mara nyingi ndiye anayepiga kelele kwanza. Mazungumzo yake yanafuata barabara. Aliye kwenye simu hana barabara, anauliza swali wakati ambapo mwendeshaji anapaswa kufunga breki, na mwendeshaji akinyamaza anauliza tena kwa ukali, "Haloo? Unanisikia?" Ndiyo maana naitetea ile intakomu ya waya iliyoishia kwa abiria, na ndiyo maana ile isiyo na waya, ikitumika kwa abiria peke yake, sina ugomvi nayo. Hata sauti ya ramani inayosema geuka kushoto siipigi vita, kwa sababu haisubiri jibu. Ninachokataa ni kumwingiza ndani ya helmeti mtu asiyeona barabara, kisha kudai kwamba kwa kuwa hakuingia kwa waya basi hana madhara.

Liko pingamizi la riziki, na hilo silichezei. Mhudumu hulipia pikipiki kwa siku au kwa wiki, iwe kwa mwenye pikipiki au kwa mkopo, na simu isiyopokelewa ni mteja aliyekwenda kwa mwingine. Tangu serikali iondoe ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, vijana wengi wa mitaa hii wamepata kazi hapo walipokosa kwingine, na hakuna mwenye haki ya kuwasimanga kwa kutafuta. Lakini tulitazame lile swali linalopigiwa simu. Ni "uko wapi?" Jibu lake halimfikishi mtu mapema hata kwa dakika moja. Mwendeshaji akisema yuko Kariobangi, mteja wa Buruburu ataendelea kusubiri vilevile. Simu hiyo haimpi mteja chochote isipokuwa kumtuliza moyo, na utulivu huo unanunuliwa kwa hatari ya mtu mwingine. Kusimama kando, kupokea, na kuondoka tena huchukua dakika moja. Mteja asiyeweza kuvumilia dakika moja ndiye anayepaswa kukemewa, na kwa muda mrefu tumemkemea mhudumu peke yake. Tumemlaumu kwa helmeti ya abiria inayoning'inia usukani, ilhali abiria ndiye anayekataa kuivaa kwa hofu ya kuharibu nywele. Tumemvalisha koti la kung'aa lenye picha ya mwanasiasa kila uchaguzi unapokaribia, kana kwamba koti hilo ndilo sera ya usalama. Na sasa tunamuuzia visikizi na kumwambia amenunua uhai.

Sheria nayo imetazama mkono na kusahau kichwa. Kanuni za makosa madogo ya barabarani za mwaka 2016 zinamtoza shilingi 2,000 dereva anayetumia simu chombo kikiwa mwendoni, lakini anayenaswa ni yule aliyeinua simu hadi sikioni. Aliyeificha ndani ya helmeti anapita akipunga mkono. Simtarajii askari wa barabarani amvue kila mtu helmeti amkague masikio. Ila wapo wanaojua kwa hakika, bila kumvua mtu chochote, kwamba pikipiki iko mwendoni na kwamba simu inapigwa: ni kampuni za programu zinazowapa wahudumu hawa kazi. Mteja anapotazama skrini yake anaiona alama ya pikipiki ikisogea kutoka Manyanja Road kuelekea Outering, na pembeni mwake kipo kitufe cha kupiga simu, kiko wazi, kinamwalika. Kampuni inayoweza kuhesabu mwendo wa pikipiki hadi ikaniambia imebakisha dakika nne inaweza pia kukifunga kitufe hicho mpaka pikipiki isimame. Haihitaji kifaa kipya, na wala haihitaji kusubiri Bunge.