Duka lako litaendaje siku usipokuwepo?

Ndugu msomaji, leo naomba nianze na swali ambalo wengi wetu tunalikwepa. Ukiugua kesho asubuhi, au ukapata msiba wa kukusafirisha wiki mbili, nani atafungua duka? Nani atajua mfuko upi wa mbolea umelipiwa na upi umekopeshwa? Kama jibu ni "hakuna", basi biashara yako ina ugonjwa. Dawa yake nimeiona mbali kidogo, kwa fundi wa magari ya mashindano wa Marekani aitwaye Chad Knaus.

Huko Marekani kuna mashindano makubwa ya magari yanayosimamiwa na NASCAR. Watazamaji humshangilia dereva, lakini nyuma ya kila dereva yupo fundi mkuu. Huyu ndiye anayesimamia utengenezaji wa gari, anayepanga mafundi, na siku ya mbio ndiye anayeamua kwa redio lini gari lisimame, libadilishwe tairi mbili au nne, na liongezwe mafuta kiasi gani. Katika miaka ya 2000, watu saba waliruka ukuta na kubadilisha tairi zote nne, kila moja ikiwa na nati tano, kwa takriban sekunde 15. Nati moja ikilegea, kazi ya wiki nzima imepotea.

Knaus alizaliwa mwaka 1971 katika mji wa Rockford, jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa dereva wa mbio za mitaani kwao, na kijana alijifunza kazi kwa kushika spana kwenye gari la baba. Mwaka 1993 alijiunga na timu ya Hendrick. Hakupewa ofisi. Alianza chini, akitengeneza mabodi na kubadilisha tairi, chini ya fundi mkuu maarufu Ray Evernham, aliyekuwa na dereva Jeff Gordon. Baadaye aliondoka, akafanya kazi kwa wengine, kisha akarudi. Mwaka 2002 alikabidhiwa gari namba 48 la dereva kijana, Jimmie Johnson.

Sasa tufike kwenye kiini cha hoja yangu. Februari 2006, kabla ya mbio za Daytona 500, wakaguzi walikuta dirisha la nyuma la gari namba 48 limechezewa kinyume cha kanuni. Knaus alifukuzwa uwanjani, akatozwa faini ya dola 25,000 na kuzuiwa mbio nne. Gari likabaki bila fundi mkuu katika mbio kubwa kuliko zote za mwaka. Nafasi yake ikashikwa na msaidizi, Darian Grubb. Matokeo yake? Johnson alishinda Daytona. Wiki chache baadaye akashinda tena Las Vegas, Grubb akiwa bado ameshika usukani wa mafundi.

Wapo watakaosema hiyo inaonyesha Knaus hakuwa na umuhimu. Mimi nasema inaonyesha kinyume chake. Msaidizi hazuki siku moja akaweza kazi. Grubb aliweza kwa sababu kazi ilikuwa imepangwa, kila mtu anajua zamu yake, na siri za kazi hazikufungiwa kichwani mwa mtu mmoja. Msimamizi mzuri hupimwa siku asipokuwepo.

Hata hivyo, nisieleweke vibaya. Simsifu kwa kuchezea dirisha. Mwaka 2007 alikamatwa tena kwa kosa la bodi la gari, akafungiwa mbio sita. Sisi tunaofahamu mizani iliyochezewa na magunia ya rumbesa tunajua faida ya namna hiyo. Leo unapata shilingi mia mbili, kesho mteja anahamia kwa jirani.

Liko jambo jingine, nalo linamhusu mwenye mali. Mwishoni mwa mwaka 2005, Knaus na Johnson waligombana kiasi cha kukaribia kuachana. Mmiliki wa timu, Rick Hendrick, aliwaita mezani. Wakakuta maziwa na biskuti kwenye sahani za watoto. Ujumbe ulikuwa wazi: mkigombana kitoto, nitawaandalia vya watoto. Wakazungumza, wakaondoa vinyongo. Kuanzia mwaka 2006 hadi 2010 walitwaa ubingwa miaka mitano mfululizo, jambo ambalo hakuna aliyelifanya kabla yao. Waliongeza mwingine mwaka 2013 na wa saba mwaka 2016. Jiulize, ni wangapi kati yetu tungemfukuza mmoja jioni ileile na kupoteza yote hayo?

Johnson alishinda mbio 83 katika NASCAR. Kati ya hizo, 81 alikuwa na Knaus, na mbili ni zile za Grubb. Knaus mwenyewe alimaliza kazi ya ufundi mkuu mwaka 2020 akiwa na dereva mwingine kijana, William Byron, kisha akapandishwa cheo kusimamia masuala ya ushindani ya timu nzima. Mwaka 2024 aliingizwa katika jumba la mashujaa wa NASCAR. Aliyeanza na tairi alifika hapo.

Kwa hiyo, ndugu mkulima na mfanyabiashara mwenzangu, naomba ufanye mambo matatu kabla ya msimu ujao. Kwanza, chagua mtu mmoja, awe mtoto wako au kijana wa dukani, umfundishe kazi yote, hata kupokea mzigo na kuweka hesabu. Pili, yaliyo kichwani yaandike kwenye daftari: nani anadaiwa, dawa ipi inapigwa lini, mzigo unanunuliwa wapi. Tatu, ondoka siku mbili kwa makusudi, urudi uone palipoharibika.

Palipoharibika usigombe. Hapo ndipo pa kuanzia kufundisha.