Hadubini Kabatini: Tunamfundisha Mtoto Kuona au Kukariri?

Mwezi uliopita nilikwenda Mkwaja, kusini mwa Pangani, kuhani msiba wa upande wa mama. Jioni ya siku ya pili, wageni walipopungua, mpwa wangu wa Kidato cha Pili akaja na daftari lake la baiolojia. Anasoma bweni, mbali na pale, katika shule ambayo sitaitaja. "Mjomba, shikamoo. Nina mtihani, nisikilize." Akafumba macho, akazitaja sehemu zote za hadubini kwa Kiingereza, kuanzia lenzi ya jicho hadi kitako, bila kukosea hata moja. Mchoro wake ulikuwa safi, mistari imenyooka kwa rula.

Nikamuuliza, "Na ulipochungulia, uliona nini?"

Akanitazama kana kwamba sikuelewa somo. "Mjomba, hatujachungulia. Imechorwa ubaoni. Yenyewe ipo kabatini kwa mwalimu."

Sikumlaumu, wala sikumcheka, kwa sababu jibu lake lingeweza kuwa langu miaka ishirini na mitano iliyopita. Nami nilifaulu swali la hadubini kabla sijaigusa hadubini. Niliigusa kwa mara ya kwanza chuo kikuu, na siku hiyo nikakivunja kioo cha slaidi kwa sababu hakuna aliyewahi kunifundisha kwamba skurubu kubwa haizungushwi ukiwa umetumia lenzi yenye nguvu.

Ndugu msomaji, unaweza kusema hili ni suala la walimu wa sayansi, halistahili nafasi katika safu inayozungumzia siasa na jamii. Nakuomba univumilie. Nataka kuonyesha kwamba kabati lile ni suala la utawala na uraia, na kwamba kama kuna mahali ambapo hilo linapaswa kueleweka, ni mwambao huu wa Tanga.

Tuanze na ardhi yenyewe. Mkwaja ilijulikana kwa ranchi kubwa ya ng'ombe, mali ya kampuni ya mkonge ya Amboni. Ilifungwa mwaka 2000, na sehemu ya ardhi yake sasa imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani iliyotangazwa mwaka 2005. Adui mkubwa wa ng'ombe wale alikuwa mbung'o, anayebeba vimelea vya nagana, viumbe ambavyo havionekani kwa macho bali kwa tone la damu juu ya kioo, chini ya lenzi. Kwa miaka mingi ng'ombe wa Mkwaja walidungwa dawa ya kinga, na taarifa zao zikaandikwa katika majarida ya kisayansi yanayosomwa hadi leo. Kaskazini-magharibi ya hapo, katika milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti ya Amani mwaka 1902. Kwa maneno mengine, hadubini si mgeni katika mkoa huu. Ina zaidi ya karne moja.

Na haikutazama damu ya ng'ombe tu. Mwambao wetu ni nchi ya mabusha na matende. Vijiminyoo vya ugonjwa huo vina urefu wa takribani robo ya milimita, na vina tabia ya ajabu: mchana hujificha, usiku hujitokeza katika mishipa midogo ya damu, hasa karibu na saa sita, wakati ambapo mbu waenezao ugonjwa huo huuma. Kwa sababu hiyo watafiti walipita vijijini usiku, wakiwatoboa watu vidole.

Nilirudi Mkwaja kwa arobaini ya marehemu, nikiwa nimeazima hadubini kuukuu yenye kioo cha kuakisi mwanga, isiyohitaji umeme. Nilitaka mpwa wangu aone japo mara moja. Tulikaa barazani asubuhi. Tukachuna ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu, tukaitandaza juu ya kioo, tukaidondoshea tone la aidini, tukaifunika. Alianza na lenzi yenye nguvu ndogo. Alishusha lenzi huku akitazama kutoka ubavuni ili isigonge kioo, kisha akachungulia na kuipandisha polepole. Kwa dakika kadhaa hakuona kitu isipokuwa ukungu na kope zake mwenyewe. Ghafla akanyamaza. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni matofali."

Seli za kitunguu zilikuwa zimepangwa kama ukuta, kila moja na kiini chake. Nikamwambia azidishe: lenzi ya juu mara kumi, ya chini mara arobaini, jumla mara mia nne. Akagundua mwenyewe jambo ambalo daftari lake halikulisema: kadiri unavyokuza, ndivyo unavyoona eneo dogo zaidi na lenye giza zaidi, ikakulazimu kuongeza mwanga. Tukaweka kipande cha gazeti chenye herufi "e". Akaikuta imepinduka, kichwa chini na kushoto kulia. Akisogeza kioo kulia, picha inakimbilia kushoto. Alicheka kwa mshangao.

Majirani walikwishasogea. Miongoni mwao alikuwepo mzee mmoja ambaye miguu yake inaeleza historia ya ugonjwa niliokwisha kuutaja. Alichungulia, akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hiki ndicho walichokuwa wakitazamia damu zetu?"

Nikamjibu kwamba ndicho.

"Walikuja usiku, wakatutoboa, wakatazama, wakaondoka. Hakuna aliyetuita nasi tutazame."

Maneno hayo sijaweza kuyasahau. Sisi wasomi hupenda kushangaa kwa nini uvumi wa mumiani, mtu anayenyonya damu za watu, uliota mizizi mirefu katika pwani ya Afrika Mashariki. Tunauita ujinga. Lakini mtu anayekuja usiku kuchukua damu yako, akaenda nayo, asikuonyeshe alichokiona ndani yake, anakuachia nafasi tupu, na nafasi tupu hujazwa na hofu. Leo maofisa wetu wa afya wanapolalamika kwamba wananchi wanakataa dawa za kinga au wanaeneza uzushi kuhusu chanjo, wajiulize: raia huyu alipewa lini fursa ya kuona kwa jicho lake kile anachotakiwa kukiamini? Tulimfundisha kukariri, kisha tunamshangaa anapokariri uzushi.

Thamani ya hadubini darasani haiko katika majina ya sehemu zake. Iko katika nidhamu inayoijenga: kwamba kuona kunahitaji maandalizi, kwamba picha ya kwanza inaweza kuwa kope zako, kwamba unachora ulichokiona na si kilichomo kitabuni, na kwamba mwenzako ana haki ya kuchungulia na kukubishia. Hiyo ndiyo nidhamu tunayoitafuta kwa mkaguzi wa hesabu, kwa hakimu, kwa diwani anayesomewa taarifa ya mradi.

Serikali haijakaa kimya. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, za fizikia, kemia na baiolojia. Wananchi walichangishwa, kuta zikasimama katika maelfu ya kata. Lilikuwa jambo kubwa, na wanaolibeza hawakumbuki tulikotoka. Ila tulihesabu majengo. Hatukuhesabu macho. Taarifa husema maabara zimekamilika asilimia kadhaa. Haisemi wanafunzi wangapi wamewahi kulenga lenzi kwa mikono yao wenyewe.

Nimezungumza na walimu kadhaa wa sayansi. Wengi wanaipenda kazi yao, na sababu ya kabati kufungwa ni nyingine kabisa. Mwalimu amekabidhiwa kifaa kwa saini. Kikivunjika ataandika maelezo, pengine atakatwa mshahara. Kisipotumika kabisa, leja itaendelea kusomeka vizuri na mkaguzi atatikisa kichwa kwa kuridhika. Hakuna mwalimu aliyewahi kuandikiwa barua kwa sababu hadubini yake haikuguswa. Mfumo wetu unaadhibu matumizi na kuzawadia vumbi. Watumishi wa umma wanaonisoma wanaijua kanuni hii, kwa sababu haiishii shuleni.

Nitaambiwa kwamba madarasa yamefurika. Tupige hesabu. Darasa la wanafunzi themanini lenye hadubini mbili lina foleni mbili za watu arobaini. Kila mmoja akipewa dakika tatu, ni dakika 120, yaani vipindi vitatu vya dakika arobaini, katika mwaka mzima. Nitaambiwa hakuna umeme. Hadubini ya kioo inatumia jua, na jua la Pangani halina mgawo. Nitaambiwa ni ghali. Ni kweli, na simpuuzi mzazi ambaye bado anatafuta dawati. Lakini zipo njia za kuanzia. Mwaka 2013 watafiti walichapisha jaribio walilolifanya Pemba, ambako lenzi ndogo ya duara ilibandikwa kwenye kamera ya simu kwa utepe wa gundi, ikatumika kutafuta mayai ya minyoo katika choo cha watoto. Haikutosha kuchukua nafasi ya hadubini ya maabara, hasa kwa mayai ya safura, lakini ilitosha kuonyesha kwamba umaskini wa vifaa si sababu ya kutoona kitu kabisa.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, yote ya kiutawala. Kwanza, wathibiti ubora wa shule wakifika, wasiulize tu kama hadubini ipo. Wamchague mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Pili, wampe kitunguu, wamtazame akiifanya kazi. Pili, halmashauri ziweke katika bajeti uharibifu wa kawaida wa vifaa vya kufundishia, ili mwalimu asilipie kioo kilichovunjwa na mtoto anayejifunza. Tatu, watafiti wanaochukua sampuli katika kijiji wawe na wajibu wa kurudi na hadubini, katika shule ya karibu, ili waliotoa damu na watoto wao wachungulie.

Mpwa wangu alifaulu mtihani wake. Swali la hadubini lilikuwa lile lile: taja sehemu zilizooneshwa katika mchoro. Hakuna aliyemuuliza alichokiona, na nadhani angeweza kupata alama zile zile bila asubuhi yetu ya barazani. Mzee yule, kwa upande wake, alinituma salamu kupitia kwake: nikija tena, nije na ile mashine, kwani wapo wenzake wawili waliotobolewa usiku ule ule, nao hawajatazama.