Mchungaji na Mashine ya Kuhesabu

Siku hizi maneno juu ya kompyuta ni mengi vijijini. Mmoja asema ni kazi ya vijana wa mjini. Wa pili asema itawanyang'anya watu kazi zao. Wa tatu ashika simu mchana kutwa, wala hajui kwamba simu ile nayo ni kompyuta. Kabla hatujashika upande wowote, yafaa tumtazame mtu aliyeishi na mashine ya kuhesabu ndani ya nyumba yake yapata miaka 250 iliyopita. Hakuwa tajiri wala mwenye kiwanda. Alikuwa mchungaji wa Kilutheri wa kijijini, jina lake Philipp Matthäus Hahn.

Labda mmoja wenu atauliza: Je, gazeti la Wakatoliki litufundishe kwa mfano wa mchungaji wa Kilutheri? Jibu ni fupi. Jirani akilima vizuri, hatumwulizi kwanza anasali wapi ndipo tutazame matuta yake. Twatazama, na lililo jema twalichukua.

Hahn alizaliwa tarehe 25 Novemba 1739 huko Scharnhausen, karibu na mji wa Stuttgart, kusini mwa Ujerumani. Baba yake naye alikuwa mchungaji. Tangu ujana wake alipenda kujua saa za jua na mwendo wa nyota. Alisoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen, na mwaka 1764 akapewa usharika wa Onstmettingen, kijiji cha milimani. Huko alikuwa na rafiki, Philipp Gottfried Schaudt, mwalimu wa shule ya kijiji. Mchungaji alifikiri na kuchora. Mwalimu alikata shaba na kuchonga meno ya magurudumu. Angalieni basi, wazazi: mambo haya makubwa hayakuanzia katika jumba la mfalme, bali kwa mchungaji na mwalimu wa kijiji waliopatana.

Kati ya vitu alivyobuni Hahn ni mizani ya nyumbani iliyoonyesha uzito kwa mshale, bila kuhangaika na mawe ya mizani. Mpaka leo nchi ile ya Onstmettingen na Balingen yajulikana kwa utengenezaji wa mizani, na watu wa huko hawajamsahau mchungaji wao.

Mwaka 1769 alimaliza saa kubwa ya ajabu kwa ajili ya mtawala wa nchi, Karl Eugen wa Württemberg. Saa hiyo haikuonyesha saa za mchana na usiku tu, bali pia mwendo wa jua, mwezi na sayari. Mtawala alipendezwa sana, na mwaka 1770 Hahn alihamishiwa usharika wa Kornwestheim, wenye mapato mazuri zaidi.

Sasa sikilizeni shida iliyomsumbua. Sayari ya Utaridi huzunguka jua kwa siku 88 hivi. Mshtarii kwa karibu miaka 12. Zohali kwa miaka 29 na nusu hivi. Ili magurudumu ya saa yafuate miendo hiyo, ni lazima fundi ajue kila gurudumu liwe na meno mangapi. Hesabu zake ni ndefu, zenye sehemu nyingi, na kosa moja dogo laharibu kazi ya miezi. Ndipo Hahn alipoamua kutengeneza mashine ya kumsaidia kuhesabu.

Aliimaliza katika miaka ya 1770. Ilikuwa ya duara kama kopo pana, na juu yake katikati palikuwa na mkono wa kuzungushia. Ndani yake mlikuwa na mapipa madogo yenye meno tisa, na meno hayo hayakulingana urefu: yalipangwa kama ngazi. Mfano huo ulitoka kwa mtaalamu Leibniz aliyemtangulia. Ukiweka tarakimu 3, gurudumu hukutana na meno matatu. Ukiweka 7, hukutana na meno saba. Basi ukitaka kuzidisha 327 mara 4, waweka 327, wazungusha mkono mara nne, na jibu 1,308 laonekana dirishani.

Twaweza kudhani ni kazi rahisi. Lakini kila mwalimu wa darasa la pili ajua mahali watoto wanapokwama: ni pale wanapopita tisa na kupaswa kubeba moja. Mashine nayo yakwama papo hapo! Jumlisha 99,999 na 1: ni lazima magurudumu yote yasogee moja baada ya jingine, na likizubaa moja tu, jibu ni uongo. Kuishinda shida hiyo kulihitaji majaribio mengi. Mwisho Hahn akapata mojawapo ya mashine za kwanza duniani zilizoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa namna ya kuaminika. Mwaka 1779 habari zake zilitolewa katika gazeti la Kijerumani.

Mpaka hapa twasema: heri mchungaji aliyepata msaidizi! Lakini Hahn aliandika pia kitabu cha habari zake za kila siku, na kitabu hicho kilipigwa chapa katika karne ya 20. Humo twaona upande wa pili. Ukurasa mmoja ni wa mahubiri na wagonjwa, mwingine ni wa mafundi wa karakana yake, mwingine ni wa fedha. Wageni walikuja kutazama mashine. Wakubwa waliagiza saa na kutaka ziishe upesi. Mwaka 1775 mke wake alifariki, na nyumba ilikuwa na watoto. Waamini walikusanyika kwake kusoma Neno la Mungu na kuelezana, na kazi hiyo aliihesabu kuwa ndiyo kazi yake hasa. Tena na tena alijiuliza kama mashine hazimli muda uliokuwa wa Mungu na wa watu.

Hilo ndilo jambo ninalotaka mlishike. Mashine aliyoiunda imwokolee muda, yenyewe ilianza kudai muda wake. Hahn hakuitupa, maana alijua kazi ya mikono yake ni kipaji alichopewa. Lakini hakuiacha pia iseme kwamba yeye ni mtumishi wake. Aliendelea kuhubiri, kuandika na kuwakusanya watu, mpaka alipofariki tarehe 2 Mei 1790 katika usharika wake wa mwisho, Echterdingen, akiwa na umri wa miaka 50.

Sasa turuke hadi wakati wetu. Tarehe 9 Juni 2023, katika kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Paulo, mji wa Fürth, katika Ujerumani hiyo hiyo, watu zaidi ya 300 walikusanyika kwa ibada ya namna mpya. Mwanatheolojia Jonas Simmerlein wa Chuo Kikuu cha Vienna aliiagiza programu iitwayo ChatGPT itunge ibada karibu yote. Juu ya altare paliwekwa kioo kikubwa, na sura za watu zilizofanywa kwa kompyuta zikahubiri na kusali kwa muda wa dakika kama 40. Wengine walisikiliza kwa makini, wengine walicheka, na wengine walitoka wakisema kwamba sauti ile haikuwa na moyo. Simmerlein mwenyewe alieleza kwamba hakukusudia kuwaondoa wachungaji, bali kuona mashine yaweza kusaidia kitu gani.

Tusishangae kupita kiasi. Programu ya namna ile imelishwa maandiko mengi mno, nayo huhesabu neno lipi lafaa kufuata neno lipi. Kwa hiyo, chini ya maneno yake yote mazuri, bado ni mashine ya kuhesabu, ndugu yake mdogo wa lile kopo la Hahn. Yaweza kupanga maneno ya faraja, lakini haijapata kulia msibani. Wazee walisema: Fimbo ya mbali haiui nyoka. Mgonjwa huhitaji mtu atakayevuka mto na kuketi kitandani pake.

Je, sisi vijijini tufanyeje? Nasema mambo matatu.

Kwanza, tuiachie mashine kazi ya kuhesabu na kutunza kumbukumbu, wala tusione haya. Mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi katika ofisi ya parokia naona faida yake kila juma. Kijana anayetaka kufunga ndoa huja kuomba cheti cha ubatizo, naye hajui mwaka aliobatizwa. Zamani tungefunua vitabu vitatu au vinne asubuhi nzima. Jina likiwa limeingizwa katika kompyuta, laonekana mara moja. Lakini kitabu chenyewe kibaki kabatini, kimeandikwa kwa wino, maana umeme hukatika na mashine hufa.

Pili, watoto wetu wajifunze hesabu kichwani kabla ya kuzitafuta kwenye simu. Hahn aliweza kuitengeneza mashine yake kwa sababu alijua hesabu kuliko mashine. Tutwae mfano wa kahawa. Umepima kilo 46, na bei ni shilingi 4,500 kwa kilo. Ajuaye hesabu husema moyoni: kilo 50 zingekuwa shilingi 225,000, basi zangu ni pungufu kidogo. Simu ikimwonyesha 207,000, ajua ni sawa. Lakini kidole kikiteleza na kuandika 460, simu itasema 2,070,000 bila kuona aibu yoyote. Vilevile kikiteleza na kuandika 4, itasema 18,000, na mkulima asiyejua kukadiria ataondoka na 18,000 yake huku akishukuru. Mashine haijui kwamba imedanganywa. Wewe ndiwe upaswaye kujua.

Tatu, muda uliookolewa na mashine urudishwe kwa watu. Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Baba apata bei ya mahindi kwa simu bila kutembea mwendo wa saa mbili; ni vyema. Je, saa mbili zile zimekwenda wapi? Kama zimekwenda kwa mke wake, kwa watoto na kwa jirani mgonjwa, simu imembariki. Kama zimeishia katika simu ile ile, basi imempa kwa mkono wa kulia na kumnyang'anya kwa mkono wa kushoto. Nasi tunaofanya kazi za Kanisa tujipime kwa kipimo hicho hicho. Mtu aweza kufika mlangoni pa ofisi akaomba cheti, na kumbe amekuja kusema kwamba mtoto wake amekufa usiku. Karani asiyeinua macho kutoka kwenye kioo atampa cheti na kumwacha aende.

Basi, wazazi, jioni ya leo mtakapokwisha kula, mpeni mtoto hesabu ile ya kilo 46 aifanye kwa kinywa. Kisha mwacheni aichukue simu na kuhakikisha. Akisha kuhakikisha, simu iwekwe juu ya kabati, na nyumba izungumze mpaka wakati wa sala. Tumsifu Yesu Kristo.

Karani wa Parokia