Msiisingizie mvua, mashabiki wa raga

Kila ikaribiapo siku ya timu yetu ya taifa ya raga, Simba, kumenyana na majirani wetu wa Uganda kuwania Kombe la Elgon, chumba changu cha matibabu hugeuka baraza la wanamichezo. Mgonjwa aliyekuja kupimwa shinikizo la damu huniuliza kama mafowadi wetu watawahimili Waganda katika skramu, na kama mvua itanyesha. Hayo yote sina elimu nayo. Lakini swali linalofuata nimelijibu mara nyingi: "Daktari, tukinyeshewa tena pale uwanjani, si tutapata nimonia?"

Nimonia hailetwi na maji ya mvua. Huletwa na viini, aghalabu bakteria au virusi, vinavyoingia mapafuni, na viini hivyo mtu huvipata kwa mwenzake anayekohoa au kupiga chafya. Shabiki aliyebanana na watu ishirini chini ya turubai moja, akiimba uso kwa uso na mwenye mafua, anajiweka katika hatari ya kuambukizwa kuliko yule aliyesimama kando akilowa peke yake.

Hata hivyo, nyanya zetu waliotukataza kutembea mvuani hawakukosea kabisa. Mnamo 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff, huko Wales ambako raga ni kama dini, walichapisha matokeo ya jaribio moja rahisi. Watu 90 walitia miguu yao katika maji baridi kwa dakika 20, na wengine 90 wakaitia katika beseni tupu. Katika siku nne au tano zilizofuata, watu 13 wa kundi la kwanza walisema wameshikwa na mafua, ilhali katika kundi la pili walikuwa watano tu. Yawezekana baridi huvipa nafasi virusi ambavyo tayari vimejificha puani. Basi vaeni soksi nzito. Lakini hayo ni mafua, wala si ugonjwa ninaouogopa Jumamosi ya mechi.

Ninaloliogopa ni chupa inayonunuliwa "kuua baridi".

Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na miezi ya Juni na Julai baridi yake si ya mzaha. Uwanjani RFUEA, kando ya barabara ya Ngong, mvua kubwa humkimbiza mtu mpaka kwenye jukwaa lenye paa. Manyunyu ndiyo yanayodanganya. Shabiki husimama ndani yake saa tatu nzima akidhani hajalowa, na kumbe shati limekwisha kunata mgongoni na upepo unampora joto. Mchezaji anakimbia, kwa hivyo mwili wake unajitengenezea joto. Shabiki amesimama tu. Wakongwe watakumbuka nusu fainali ya Kombe la Dunia mjini Durban, Juni 17, 1995, ambapo akina mama walifagia maji uwanjani kwa mifagio kabla ya Afrika Kusini kuilaza Ufaransa 19-15. Mechi ile ilichelewa kwa zaidi ya saa moja. Sisi husimulia habari za mifagio, na hakuna anayeuliza waliokuwa wakingoja majukwaani walikuwa na hali gani.

Sasa mtu huyo aliyelowa anywe pombe kali. Mishipa midogo ya damu chini ya ngozi hupanuka, damu yenye moto hukimbilia juu, naye husikia joto tamu mashavuni. Joto hilo linatoka kifuani na tumboni mwake, nalo linapotea hewani. Kadhalika pombe hupunguza kule kutetemeka ambako ndiko jiko la mwili, na kwa mtu ambaye hajala hushusha sukari katika damu.

Miaka kadhaa iliyopita, usiku baada ya mechi, niliitwa kumtazama kijana mmoja mwenye misuli kama ya mchezaji. Wenzake walikuwa wamemlaza nyuma ya pikapu "apunguze ulevi" nao wakaendelea na starehe zao. Nakiri kwamba mimi pia, nilipoisikia harufu yake, nilitaka kumwachia muuguzi na kurudi kuketi. Kilichonizindua ni kwamba hakuwa akitetemeka, ilhali nguo zake zilikuwa zikichuruzika maji. Kipimajoto chetu cha zamani cha zebaki kilichoanzia nyuzi 35 hakikupanda hata kidogo. Sukari yake ilikuwa chini mno. Tulimvua nguo zile, tukamfunika mablanketi mpaka kichwani na kumtundikia maji ya glukosi, na kulipopambazuka akaweza kutaja jina lake. Wenzake walisema ni mvua iliyomwangusha.

Basi mkimwona mwenzenu aliyelowa ana ulimi mzito, anajikwaa na ameacha kutetemeka, msiseme ni pombe tu. Mtoeni kwenye upepo, mvueni nguo mbichi, mfunikeni. Akiweza kumeza, mpeni chai yenye sukari nyingi. Msimsugue mikono na miguu, wala msimwongeze "ya kumpasha moto". Kisha mpelekeni hospitalini, na anayeendesha gari awe yule ambaye hakunywa.

Kuna kisingizio kingine kinachokuja baadaye. Wako mashabiki wanaopanda basi la usiku, wakavuka Busia au Malaba kwenda kuishangilia Simba mjini Kampala. Siku kumi hivi baada ya kurudi wanashikwa na homa na maumivu ya kichwa, na wananunua tembe dukani kwa sababu "tulinyeshewa sana kule." Malaria huchukua siku 7 hadi 14 kujitokeza baada ya kuumwa na mbu, na wakati mwingine zaidi. Mkazi wa Nairobi hana kinga nayo kama mwenyeji wa kandokando ya ziwa, na ikicheleweshwa humuua upesi. Ukipata homa baada ya safari hiyo, pimwa damu siku hiyo hiyo na umweleze daktari ulikokwenda.

Wasimamizi wa viwanja nao nina neno nao. Katika mechi nilizohudhuria, bia niliipata hatua kumi kutoka kitini, lakini uji au chai ya tangawizi niliitafuta mpaka nje ya lango. Wekeni majiko mawili matatu kando ya majukwaa, muone kama hayatauza.

Wenye pumu msisahau pampu zenu nyumbani. Hewa baridi hubana kifua, na foleni ya magari ya kutoka uwanjani mnaijua.