"Moyo ulisimama" si jibu la kuridhisha

Kila binadamu anapofariki, moyo wake husimama. Hilo halihitaji daktari. Ndiyo sababu inashangaza kuona maneno hayo yakitolewa kuwa chanzo cha vifo vya mabinti wetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba, na wazazi wao wakitarajiwa kutosheka na kuzika.

Mwaka 2021, Wizara ya Mashauri ya Kigeni iliarifu Bunge kwamba Wakenya 89, wengi wao watumishi wa nyumbani, walikuwa wamefariki nchini Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili. Vingi vya vifo hivyo vilisemekana kuwa ni moyo kusimama.

Msomaji, hebu tafakari. Kabla ya kupewa viza, mtumishi huyo hupigwa picha ya kifua. Damu yake hupimwa virusi vya Ukimwi na homa ya ini. Mwanamke hupimwa mimba. Akipatikana na kasoro, haendi. Basi aliyepanda ndege alihesabiwa mzima. Kilichomuua ni nini?

Walionusurika wametueleza. Kuamka alfajiri na kulala baada ya usiku wa manane. Kula makombo. Kupigwa, na wengine kunajisiwa. Mwajiri hushika pasipoti, mara nyingine hata simu. Chini ya utaratibu wa kafala, ruhusa ya mfanyakazi ya kukaa nchini humo imefungamana na mwajiri wake. Akitoroka mateso huhesabiwa mkosaji, na kwa hivyo huogopa hata kwenda hospitali. Mwenye shinikizo la damu hukosa dawa, mwenye kidonda huachwa kioze, na mwenye msongo wa mawazo hana wa kumwambia. Mwili wa binadamu una kikomo chake, hata uwe wa kijana wa miaka 22.

Wako wanaouliza: "Si alikwenda kwa hiari yake?" Sheria ya mwaka 2010 ya kupambana na ulanguzi wa binadamu imewajibu. Anayemsafirisha mtu kwa hila ili atumikishwe ana hatia, hata kama mtu huyo alikubali kusafiri. Adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua Sh30 milioni, au vyote viwili. Aliyeahidiwa kazi ya hoteli akaishia kufungiwa jikoni hakuchagua utumwa, alidanganywa.

Sisemi kwamba wote huteswa. Wapo waliopata waajiri wema, wakasomesha ndugu zao na kuwajengea wazazi nyumba. Wala sisemi safari zipigwe marufuku. Serikali ilizisimamisha mwaka 2014, na wengine wakaendelea kusafirishwa kwa njia za panya, ambako hatari ni kubwa zaidi.

Ninachosema ni kwamba afya ya watu hawa isiwe na thamani siku ya kuondoka tu. Kila maiti inayorejeshwa ichunguzwe na mpasuaji wa serikali, jamaa wakikubali, na gharama isiwe juu yao. Kila anayerudi apimwe mwili na akili bila malipo. Wengi hurudi na maumivu ambayo hawawezi kuyataja mbele ya wazazi, nao majirani huyaita wazimu.

Nawe mzazi, usimwachie ajenti kila kitu. Hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Weka nakala ya pasipoti na ya mkataba nyumbani. Kubalianeni na mwanao neno moja la siri ambalo, akilitamka kwenye simu, utajua yumo taabani hata kama mwajiri amesimama karibu naye.

Na ukiambiwa moyo wake ulisimama, uliza ulisimamishwa na nini.